Miguu unayo, mwalimu: kwa nini kundi linakuacha kabla ya kilomita ya 20

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, naishi Tabata. Nilianza baiskeli ya mbio mwaka jana, na mwaka huu nimeshiriki mashindano mawili ya barabarani, yote ya kilomita 60. Nikifanya mazoezi peke yangu nakwenda kilomita 28 hadi 29 kwa saa bila shida. Lakini mara zote mbili kundi limeniacha kabla ya kilomita ya 20, zilizobaki nikazinyonga peke yangu. Mara ya pili wanawake tulikuwa sita tu, wakatuanzisha pamoja na wanaume, na nilifika watu wanakunja bango. Mume wangu hanikatazi, ila kila nikirudi ananiuliza, "Hivi kule mnafuata nini?" Nina kilo 71. Nipunguze uzito? Niongeze mazoezi? Au niuze baiskeli yangu ya mtumba, nikope, ninunue ya kaboni?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kundi lilikuwa linakwenda kasi gani pale ulipoachwa. Hukuandika. Karibu wote wanaoniuliza swali hili hawaandiki, maana mtu akiachwa anaamini kasi ndiyo imemshinda. Mara nyingi kilichomshinda ni tuta.

Nitalifikia tuta. Kwanza hesabu, kwa kuwa unafundisha.

Ukiwa peke yako kwenye tambarare, mwendo wa 30 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako, robo tatu na ushee, inaishia kusukuma hewa. Na hewa ina riba mbaya. Ukitaka kutoka 30 kwenda 36, yaani kuongeza kasi kwa sehemu moja ya tano tu, nguvu ya kupambana na upepo inapanda kwa takriban asilimia 70. Ndiyo maana ukiwa peke yako unajihisi umegonga ukuta kila ukijaribu kuongeza kidogo. Sasa kaa nyuma ya mwenzako, karibu: unasamehewa kama robo hadi theluthi ya kazi yote. Ingia katikati ya kundi nene, unasamehewa zaidi. Mtu mwenye miguu ya 28 au 29 akiwa peke yake, nyuma ya mgongo wa mwenzake ana miguu ya 32, hata 33. Kwenye mbio za ridhaa za wanawake nilizokimbia na ninazozisimamia hapa Dar, sehemu kubwa ya njia kundi haliendi kwa kasi inayozidi hapo. Kwa hiyo ulikuwa na uwezo wa kufika nao. Ulikosa pa kujificha.

Turudi kwenye tuta. Chukua Barabara ya Bagamoyo, ukishapita Bunju kuelekea Mapinga na Kerege. Kila penye shule, kituo au soko kuna matuta, na kabla ya tuta lenyewe kuna yale madogo madogo ya kutikisa meno. Tuseme kundi lina watu 30. Wa kwanza anafika na 36, anapunguza mpaka 25, anavuka, anaanza kunyonga tena. Wakati huo wewe uliyeko mkiani hujalifikia tuta. Walio mbele yako wamejikunja kama foleni ya daladala kwenye taa, kwa hiyo wewe unashika breki mpaka 15. Unavuka. Ukiinua macho, wa mbele wameshakaribia mwendo wao wa kawaida, wako mita 60 kutoka ulipo, na ili uwafikie lazima ukimbilie 40 na zaidi, kwenye upepo mtupu, hakuna mgongo wa kujificha. Unawafikia, unahema. Dakika mbili baadaye, tuta lingine.

Kama kabla ya kilomita ya 20 kuna matuta 12, wewe umekimbia mbio fupi za kufa na kupona mara 12 ambazo aliyeko mstari wa tatu hata hajui kama zilikuwepo. Yeye alipunguza kidogo, akaongeza kidogo. Halafu mnafika tuta la 13 na wewe huna tena cha kutoa, unaangalia migongo ikiondoka, unasema moyoni: mimi si wa mashindano.

Ninakujua kwa sababu nimekuwa wewe. Mbio zangu za kwanza nilienda na baiskeli ya kaka yangu, ndefu kwangu kwa inchi mbili, na kwenye mstari wa kuanzia nikajipanga nyuma kabisa. Hakuna aliyeniambia nijipange nyuma. Ni malezi tu: tumezoea kupisha, kusema "tangulia tu kaka", kusubiri wakubwa wapakue. Niliachwa kilomita ya 14. Nikapata akili ya kijinga ya kujificha nyuma ya daladala, maana njia haikufungwa. Kwa dakika tatu nilijiona bingwa wa dunia. Kisha konda akagonga bodi, gari likaingia kituoni bila taarifa, nikaokolewa na lundo la mchanga wa ujenzi. Goti la kushoto lina alama mpaka leo. Nilipofika mwisho, waandaaji walikuwa wanagawa zawadi: wanaume bahasha, wanawake sufuria. Mimi sikupata hata mfuniko.

Kwa hiyo la kwanza ninalotaka ufanye halihusu mapafu. Fika kwenye mstari mapema, ukiwa umeshapasha misuli, na usimame safu ya kwanza au ya pili. Mtu atakuja kukusogeza kwa bega, na kawaida ni kijana mwenye miwani ya bei. Usisogee. Kwenye baiskeli adabu ya kweli ni kushika mstari wako bila kuyumba, na hiyo ndiyo heshima wenzako wanayohitaji kutoka kwako.

La pili: tuta likionekana, usilisubiri. Mita 200 kabla, wakati wengine wanaanza kulegea, wewe sogea mbele taratibu ubavuni mwa kundi. Badili gia kuwa nyepesi kabla ya kufika, siyo ukiwa juu yake, kwani cheni ikigoma hapo umekwisha. Vuka ukiwa kati ya watu 10 wa kwanza. Baada ya tuta, hata kama watu wanne watano watakupita, bado umo ndani. Tuta linalofuata, vivyo hivyo. Wenzetu wa sehemu zenye milima hufanya hivi kwenye vipandio: wanaanza mlima wakiwa mbele, wanajiachia kurudi nyuma pole pole, wanafika kileleni wakiwa mkiani lakini bado ndani ya kundi. Milima sisi wa Dar hatuna mingi. Matuta tunayo ya kugawa.

Sehemu ya kugeuzia ni tuta kubwa kuliko yote. Mbio nyingi za hapa ni za kwenda na kurudi, mnazunguka koni katikati ya barabara. Watu 30 wanazunguka koni moja! Wa kwanza anatoka pale akiwa anaendesha, wa 30 anatoka karibu amesimama. Kama kuna mahali pamoja pa kutumia nguvu zako zote kwenye kilomita 60, ni ile kilomita moja kabla ya koni.

Sasa, kukaa nyuma ya mtu kunatisha, na hofu hiyo ina haki yake. Wengi mnaacha nafasi ya mita tatu nne na kudhani mmejificha. Mita nne nyuma unakosa sehemu nzuri ya kinga, halafu mtu anaingia katikati. Nusu mita hadi mita moja ndiyo nafasi ya kufanyia kazi. Usikodolee tairi la mbele yako. Angalia kiuno cha mwenzako na bega la aliye mbele yake, utaona mambo yanakuja. Na kuna sheria moja isiyo na mjadala: gurudumu lako la mbele lisipite gurudumu la nyuma la mwenzako ubavuni. Magurudumu hayo yakigusana, yeye atatikisika na kuendelea, wewe utakuwa chini, na walio nyuma yako watakuwa juu yako.

Hili halifundishiki kwa kusoma. Tafuta wenzako wawili tu, wanaojua kushika mstari, mkutane alfajiri Toure Drive pale Masaki kabla magari hayajaamka. Baharini hewa bado baridi, barabara iko wazi, mwonekano mzuri kukipambazuka. Fanyeni zoezi hili: watatu mstari mmoja, wa mbele anavuta dakika moja, anajiondoa pembeni, anateleza mpaka nyuma, anayefuata anavuta. Mwendo wa 25, siyo zaidi. Wiki mbili hizo msishindane, mnaizoea tu nusu mita. Ikishazoeleka, leteni tuta la bandia: kila mwisho wa zamu, wa mbele apunguze mpaka 18 kisha aongeze kwa nguvu sekunde 15. Mara 10. Ukimaliza utajua kwa nini uliachwa, na utajua pia kwamba mwili unaweza kuzoea.

Mazoezi mengine ya wiki nisikuchoshe nayo. Una kazi na familia. Siku tatu zinatosha. Siku moja hiyo ya kufyatuka kwa sekunde 15. Siku moja vipande vitatu vya dakika 10 kwa nguvu ambayo unaweza kusema maneno mawili matatu lakini sentensi haikamiliki. Jumamosi safari ndefu na kundi. Ukiongeza siku ya nne iwe ya kupumzika, na nasema kweli.

Upepo nao una majira yake, na wanaojua hili mjini hapa ni wavuvi kuliko waendesha baiskeli. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa kumi tuna kusi. Ukitoka Tegeta kwenda Bagamoyo, kusi inakusukuma mgongoni. Kila mtu anajiona hodari, kundi linakwenda 38, watu wanapiga soga. Huko ndiko wanakoungua wasiojua, kwa sababu kurudi ni kichwa kwa kichwa na upepo uleule, na kadiri jua linavyopanda, saa nne hivi, upepo wa baharini nao unaamka. Msimu wa kusi, kwenda ni mtego. Kula, kunywa, jifiche, usivute hata mita moja usiyolazimika, kisha gombania koni.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni somo jingine. Kwenda Bagamoyo bahari iko kulia kwako, na kaskazi inakupiga kutoka kulia mbele. Kukaa nyuma moja kwa moja hakukukingi tena. Kinga iko nyuma kidogo na kushoto ya mwenzako. Kundi linajipanga mshazari, kama ngazi iliyoegemezwa, mpaka linagusa ukingo wa lami. Na ukingo wetu unaujua: mchanga, mawe, mtaro. Anayefika ukingoni hana tena pa kujificha, ananyonga juu ya mstari mweupe akipigwa upepo mzima, na ndiye anayekatika. Ukijikuta pale usife nao. Sema kwa sauti, "Tuanze safu ya pili!" Watu watano wakiungana nyuma na kujipanga upya kutoka katikati ya njia, mnapona wote. Ila haya yote ni kwa barabara iliyofungwa. Njia ikiwa wazi kwa magari, hakuna mshazari wala katikati ya njia. Baki upande wako, na ukiachwa na upepo, uachwe salama. Kabla ya kulipa kiingilio uliza mambo matatu: njia inafungwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, gari la wagonjwa liko wapi, na nani anasimama kwenye makutano. Wakibabaika kukujibu, hela yako ikae mfukoni.

Kuhusu kuanzishwa na wanaume. Hili linanikera, lakini wanawake tukiwa sita litaendelea kutokea, basi tulifanyie kazi. Kwenye kikao cha ufundi uliza: wanawake tunaruhusiwa kukaa nyuma ya wanaume? Sehemu nyingi duniani makundi mawili yakianzishwa tofauti, mshindani wa kundi moja haruhusiwi kujikinga nyuma ya mshindani wa kundi jingine, na wapo waliofutiwa matokeo kwa kutojua. Mkianzishwa pamoja kawaida inaruhusiwa, lakini usikisie. Ikiruhusiwa, usimfuate mwanaume mwenye kasi kuliko wote, mfuate anayenyooka. Huwa ni mzee wa miaka 50 mwenye baiskeli ya chuma; hayumbi, hashtuki, anajua kila shimo kutoka Mwenge hadi Mapinga.

Na sasa niulize swali mimi. Ulipoachwa kilomita ya 20, nani alikuwa nyuma yako? Mlikuwa wanawake sita. Haiwezekani wote watano walikuwa mbele na kundi; nimeangalia mbio za namna hii miaka mingi, na kila mara naona kitu kilekile kinaniuma roho: mwanamke mmoja ananyonga peke yake, mita 300 nyuma yake mwingine ananyonga peke yake, mita 400 nyuma yake wa tatu. Kilomita 40 nzima, kila mmoja na upepo wake, kila mmoja anaona aibu. Mngesubiriana dakika moja, mkapokezana zamu za dakika moja moja, mngefika pamoja dakika nyingi mapema, na pengine mngewaokota wanaume kadhaa njiani. Kwa hiyo kabla ya mbio zijazo watafute hao watano. Ongea nao pale kwenye mstari: "Jamani, tukiachwa, tusubiriane." Mkibaki mita 500 za mwisho, hapo ruksa kila mtu avute kivyake, na asiwepo wa kununa.

Mume wako mjibu utakavyo, huyo ni wako. Ila kama nyuma ya swali lake kuna ile kauli ya kwamba mbio za baiskeli si za mwanamke, mpe historia kidogo. Mbio za barabarani za wanaume ziliingia Olimpiki mwaka 1896, za wanawake 1984 huko Los Angeles. Miaka 88. Hiyo ni akili ya waliokuwa wakipanga ratiba, siyo ya miguu. Nenda Shinyanga au Simiyu uone binti anavyopakia gunia kwenye kerieri, mtoto juu ya gunia, na mwendo anaokwenda nao. Huko hakuna anayemuuliza anafuata nini. Na Aprili 2025 mwana wa Mauritius, Kimberley Le Court, alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake; ile ya wanaume ni mojawapo ya mbio kongwe za Ulaya. Septemba mwaka uohuo mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali pale, safari ya basi tu kutoka kwetu.

Wapo watakaokutajia Anna Kiesenhofer. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, mtaalamu huyo wa hisabati kutoka Austria, asiye na timu ya kulipwa, alichomoka tangu bendera inashushwa na akashinda dhahabu. Waholanzi waliokuwa wakipewa nafasi kubwa walipoteza hesabu ya nani yuko mbele. Annemiek van Vleuten alivuka mstari ameinua mikono, akidhani ameshinda, kumbe ni wa pili. Ni kisa kitamu, na ni cha mtu wa ridhaa kama wewe, lakini usikiige. Yule alikuwa bingwa wa nchi yake wa mbio za baiskeli za kushindana na saa, kila mtu peke yake. Kunyonga kwenye upepo ndiyo kazi aliyoifanyia mazoezi na kuipigia hesabu. Chukua kwake jambo moja: alijua mwenyewe idadi, umbali na muda, hakusubiri kuambiwa. Wewe nawe hesabu wanawake walioko mbele yako. Mara mbili nimeona mtu akiacha kunyonga mita 200 za mwisho akidhani ni wa tano, kumbe alikuwa wa tatu.

Uzito. Kilo 71 ziache. Kwenye tambarare kinachopigana na hewa ni nguvu zako zote kwa jumla, na mwenye mwili wa kutosha mara nyingi huvuta vizuri kuliko mwembamba. Uzito unadai pale barabara inapoinuka, na kwetu labda uende Pugu na kile kipande cha Minaki kuelekea Kisarawe. Ninachoogopa zaidi ni kinyume: mwanamke anayeongeza mazoezi na wakati huohuo anapunguza chakula. Anakuwa mwepesi mwezi mmoja, kisha usingizi unakatika, mafua hayaishi, hedhi inaruka au inakoma. Hedhi ikikoma kwa sababu ya mazoezi na njaa, hiyo si dalili ya kuiva kimichezo. Mifupa inaanza kulipa. Nenda hospitali, na upime pia damu na akiba ya chuma, maana kila mwezi tunapoteza chuma ambacho wanaume hawakipotezi, na upungufu wake unajificha kama "sina mazoezi ya kutosha".

Chakula cha siku ya mbio sikukiona kwenye barua yako, nakisia ni chai na chapati mbili saa moja kabla. Chapati ina mafuta, itakaa tumboni mpaka Bunju. Mbio zikianza saa 1 asubuhi, amka saa 10 alfajiri, kula viazi vitamu au mkate na asali au uji mzito wenye sukari, kisha ujinyooshe tena kitandani ukiweza. Njiani mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama 25. Tende ni nzuri mno, toa kokwa nyumbani, usije ukazitema usoni kwa mwenzako. Kwenye chupa ya mililita 750 weka vijiko vinne vya chakula vya glukosi, chumvi ya ncha ya kijiko cha chai, ndimu kama unapenda. Anza kunywa dakika ya 20 hata kama huna kiu. Joto na unyevu wa Dar vitakuwa vimeshachukua chao. Na maji matupu lita kwa lita bila chumvi nayo ni hatari, usidanganywe.

Tumebaki na baiskeli. Usikope.

Baiskeli za mbio za mtumba zinazofika hapa nyingi zilitengenezewa wanaume warefu, na hapo ndipo pa kutazama kabla ya kaboni. Ukishika usukani sehemu ya chini, vidole vinafika kwenye breki bila kunyoosha? Kama havifiki, ndiyo sababu unaacha mita nne: mwili unajua hauwezi kusimama haraka. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuuvuta mkono wa breki uje karibu. Kazi ya dakika tano. Shingo inayoshika usukani inaweza kubadilishwa kwa fupi, na mabega yataacha kuuma. Kiti kipimwe kwa upana wa mifupa yako ya makalio, siyo kwa ulaini. Kiti laini ndicho kinachochubua. Kaptula yenye sponji inavaliwa bila chupi ndani, nasema wazi kwa sababu mimi niliteseka miaka miwili hakuna aliyenifungua macho. Wanaovaa hijabu, ile nyepesi ya kubana chini ya helmeti inakaa vizuri, na suruali ndefu ya kubana haina tatizo lolote na kasi.

Matairi nunua mapya na mazuri, ya milimita 28 kama fremu inayapokea, na usiyajaze pumzi 120 (psi, kipimo cha kwenye pampu) eti kwa sababu fundi anayo pampu. Kwa uzito wako 70 hadi 75 zinatosha. Tairi lililojaa kupita kiasi linadunda juu ya lami yetu badala ya kuikamata. Fedha itakayobaki lipia kiingilio cha mbio tatu, si moja. Kukaa kundini kunajifunzwa kundini, na mbio mbili ni chache mno kwako kujihukumu.

Kuhusu wale waliokunja bango: siku hizi nikifika kwenye mbio, kabla hata sijashusha baiskeli za mabinti wangu, naulizia ni kijana gani amepewa kazi ya kulikunja. Namsalimia, namnunulia maji, namwambia wanawake tuko sita na atuhesabu mpaka watimie.